Zebaki Bila Jina Lake: Uhakiki wa Istilahi Chache za Vipodozi

Miaka michache iliyopita niliombwa kusahihisha tafsiri ya maelezo ya krimu moja ya uso. Mtafsiri alikuwa kijana hodari, na kazi yake ilikuwa safi. Sentensi moja ilisema hivi: "Usivae vito vya dhahabu wala vya fedha wakati wa kupaka krimu hii." Sikuona kosa la sarufi wala la msamiati, nikaipitisha. Maelezo yalipokwisha kupigwa chapa, nilimsomea sentensi hiyo mjomba wangu, ambaye ujanani alipata kuchimba dhahabu huko Geita. Hakunisubiri nimalize. "Mjomba," akaniambia, "humo mna zebaki. Hawaogopi uharibike uso. Wanaogopa iharibike pete."

Nilirudi nyumbani nikiona haya. Mtafsiri nami tulikuwa tumetimiza kila tulichofundishwa: tulikuwa waaminifu kwa matini asilia, tulitumia Kiswahili sanifu, na tulieleweka. Hata hivyo msomaji wetu alikuwa ameonywa ailinde dhahabu yake, wala hakuambiwa neno juu ya figo zake. Kosa hilo halikutokana na umaskini wa lugha, kwa maana jina la kitu kile tulikuwa nalo.

Makusudi ya makala haya ni kuyahakiki baadhi ya maneno tunayoyatumia katika vipodozi, na kuonyesha kwamba upungufu mkubwa haumo katika idadi ya istilahi, bali katika mahali zinapotumika na namna zinavyotumika. Neno vipodozi nalitumia kwa maana pana ya kisheria. Wengi wakilisikia hufikiri wanja, poda na rangi ya mdomo tu. Lakini Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya Tanzania ya mwaka 2003 ililihesabu kuwa kipodozi kila kitu kinachopakwa, kinachomiminwa au kinachonyunyizwa mwilini kwa ajili ya kuusafisha, kuupamba au kuubadili sura. Kwa hiyo hata mzee asiyejua poda, maadamu anajipaka mafuta baada ya kuoga, ni mtumiaji wa vipodozi, na maneno haya yanamhusu.

1. Neno tulilo nalo lakini hatulitumii

Zebaki si neno geni. Lilitujia zamani kwa njia ya Kiarabu, likazoea matamshi yetu, na hivi leo hutamkwa kila siku katika machimbo madogo ya dhahabu. Wachimbaji wa Geita na wa Chunya huitumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kwa sababu madini haya mawili hushikamana. Ndiyo sababu mtengenezaji wa krimu humwonya mnunuzi avue pete.

Zebaki ikipakwa huizuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili, na kwa ajili hiyo imetiwa katika sabuni na krimu kwa miaka mingi. Lakini haiishii juu ya ngozi. Hupenya hadi kwenye damu, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mvuke wake huvutwa na watu wengine wa nyumba ile ambao hawajapaka chochote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa figo, na ikaonekana kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamejipaka krimu za namna hiyo. Baadhi yao walipata nafuu walipoacha.

Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha vipodozi vyenye zebaki iliyozidi sehemu 1 katika sehemu milioni moja. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kiwango hicho kidogo, ili kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kuuzwa kati ya nchi na nchi baada ya mwaka 2025. Ili msomaji apate kulinganisha: krimu za aina hii zimepata kuwa na asilimia 1 hadi 10 ya mchanganyiko wa zebaki, na asilimia 1 ni sawa na sehemu 10,000 katika milioni.

Basi sheria ipo, na neno lipo. Tatizo ni kwamba juu ya kopo, zebaki haijiiti zebaki. Huitwa kalomeli, au hujificha katika jina refu la kikemia ambalo mtafsiri hulinakili kama alivyolikuta, kwa kuchelea kuliharibu. Kwa upande wa kemia mtafsiri huyo hakukosea. Kwa upande wa msomaji, ameufunga mlango ambao ufunguo wake alikuwa ameushika mkononi. Maoni yangu ni kwamba kampaundi yoyote yenye zebaki ni lazima ibebe neno hilo ndani ya jina lake la Kiswahili. Kalomeli iandikwe "kloridi ya zebaki", na jina la kimataifa libaki kando yake kwa ajili ya wakaguzi na wapimaji. Mama wa Kariakoo ambaye ana ndugu machimboni hahitaji somo la kemia kulielewa neno hilo.

2. Kung'arisha na kujichubua

Katika matangazo, krimu hizi huitwa za "kung'arisha ngozi", za "kutakatisha", au za "kusafisha uso". Yafaa tuyapime maneno haya kwa matumizi yake ya kawaida. Sufuria hung'arishwa kwa sababu ina masizi. Viatu hung'arishwa kwa sababu vina vumbi. Nguo hutakatishwa kwa sababu ina uchafu. Kila moja ya vitenzi hivi huchukulia kwamba kitu kile kilikuwa kisafi hapo kwanza, kisha kikachafuka. Mwandishi anayeandika "kung'arisha ngozi" amekwisha kukata shauri, kabla ya kusema lolote jingine, kwamba weusi ni masizi. Hukumu hiyo imepita ndani ya kitenzi, na msomaji ameipokea bila kuhojiwa.

Wananchi, kwa upande wao, walitunga maneno mawili yaliyo ya kweli kuliko hayo. La kwanza ni kujichubua. Mtoto akianguka goti lake huchubuka. Kwa hiyo kuchubua ni kuondoa ngozi ya juu na kuacha kidonda. La pili ni mkorogo, kutokana na kukoroga: krimu hii, mafuta yale na vidonge vilivyopondwa, vyote katika chupa moja, bila mizani. Neno hili limebeba ndani yake jambo ambalo mtaalamu angelieleza kwa sentensi tatu, yaani kwamba hakuna ajuaye kipimo cha kilichomo.

Mambo yaliyothibitishwa na waganga yanaziunga mkono tungo hizi za wananchi. Steroidi zinazotiwa katika mikorogo huifanya ngozi kuwa nyembamba, hata ikachanika upesi na kidonda kikakawia kupona. Haidrokwinoni nayo ina kioja chake. Mwaka 1975 mabingwa wa maradhi ya ngozi wa Afrika Kusini walieleza kwamba watu walioipaka kwa muda mrefu walitokwa na madoa meusi ya kibuluu usoni, madoa yasiyofutika kwa urahisi. Iliyoahidi kuondoa weusi iliuleta weusi mwingine, ulio ugonjwa. Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya uliiondoa katika krimu za ngozi mwaka 2001. Hapa Tanzania pia haidrokwinoni na zebaki zimo katika orodha ya viambato visivyoruhusiwa katika vipodozi.

Je, basi tuandike "krimu ya kujichubulia" katika nyaraka za serikali? Sidhani. Kujichubua ni neno lenye lawama ndani yake, na lawama hiyo humwangukia mtumiaji, wala si mtengenezaji. Daktari anayemuuliza mgonjwa, "Unajichubua?" aghalabu hujibiwa "La," na kwa sababu ya jibu hilo figo hazipimwi. Istilahi ya ofisini na ya hospitalini yapasa iwe neno lisilosifu wala kulaumu. Napendekeza "kufifisha rangi ya ngozi". Kitenzi kufifisha hakisemi kwamba rangi ile ilikuwa chafu, wala hakimtukani aliyeipaka. Chasema tu kilichotendeka. Kujichubua tukiache katika mafundisho ya afya kwa umma, ambako ukali wake una kazi.

3. Hina isiyo hina

Pwani yetu inajua kujipamba tangu zamani. Hina ni majani yanayotwangwa na kukandwa. Hukaa mikononi kwa saa kadhaa, na rangi yake huanzia chungwa hadi wekundu wa kahawia. Hakuna hina iliyo nyeusi kwa asili yake. Hata hivyo watalii wanaofika Unguja na Mombasa husikia habari za "hina nyeusi", na wengine hurudi kwao na malengelenge yenye umbo la ua au la samaki.

Wenyeji hawana sababu ya kukosea, kwa kuwa wao wana neno jingine: piko. Piko ni rangi nyeusi ya nywele inayokorogwa na kuchorwa juu ya ngozi, na inayokoza upesi kuliko hina. Kiini chake aghalabu ni para-fenilenediamini, kitu ambacho Umoja wa Ulaya hukiruhusu katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hakikuruhusiwa kabisa kuchorwa juu ya ngozi. Madhara yake huweza kuchelewa kwa siku kadhaa, na mwili ukishakikataa mara moja, huenda ukakikataa maisha yote. Bibi harusi aliyechorwa piko asipate kitu, huenda akavimba uso miaka kumi baadaye siku atakapotia nywele zake rangi, wala hatajua chanzo.

Hapa basi tuna mfano wa lugha kurudi nyuma. Kiswahili kilikuwa kimevitenga vitu viwili kwa majina mawili. Likaja jina la biashara likaviunganisha, na sifa njema ya hina, iliyopatikana kwa vizazi vingi, ikakopeshwa kwa kitu kisichostahili. Mwalimu au mwandishi anayeandika "hina nyeusi" anaweka dhamana asiyoweza kuilipa. Tuandike piko.

4. Dawa na hatari

Neno dawa lina upana mkubwa katika lugha yetu. Tuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya panya. Hakuna anayetibu panya. Upana huo si kasoro, kwa maana zamani dawa ni kitu chochote chenye nguvu ya kutenda jambo. Lakini dada anayekwenda saluni "kutia dawa" nywele zake husikia pia mwangwi wa hospitali, na mwangwi huo humtuliza. Dawa ya kulainishia nywele mara nyingi hutengenezwa kwa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, na ikikawia kichwani huunguza. Wasusi hulijua hilo. Ndiyo maana humuuliza mteja kama inawasha.

Kostiki soda hiyo inatufaa katika kulichunguza neno jingine lililo gumu zaidi, nalo ni hatari. Katika sabuni ya mche iliyotengenezwa vema, kostiki soda imekwisha kuungana na mafuta ikawa kitu kingine. Haipo tena ya kumdhuru mtu. Katika dawa ya nywele, bado ipo na nguvu zake. Kitu ni kile kile, uwezo wake wa kudhuru ni ule ule, lakini uwezekano wa mtu kudhurika haulingani hata kidogo. Wataalamu huyatenga mambo haya mawili kwa maneno mawili. Sisi kwa yote mawili twasema hatari, kisha twashangaa kwa nini wananchi ama huogopa kila kitu ama hawaogopi chochote.

Katika ofisi za serikali limeingia neno vihatarishi, hasa katika taarifa za ukaguzi wa hesabu, nalo hutumika kwa maana ya mambo yanayoweza kutokea yakaleta hasara. Kwa umbo lake, hata hivyo, kihatarishi ni kitu kinachohatarisha, yaani chenye uwezo wa kudhuru. Naona tungepata faida tukilirudisha neno hili kwenye maana ya umbo lake: kostiki soda ni kihatarishi, zebaki ni kihatarishi. Kisha kwa jambo la pili tuseme kwa maneno wazi "uwezekano wa madhara", ambao hutegemea kiasi, muda na mahali. Najua kwamba wakaguzi wa hesabu hawatapenda. Lakini istilahi ikifafanuliwa katika idara moja tu, itageuka kitendawili katika idara ya jirani.

5. Kemikali

Nimeliacha neno hili la mwisho kwa sababu ndilo linalotumiwa na watu wema. Vipindi vya redio, mabango ya afya na hata vitabu vya shule huonya juu ya "vipodozi vyenye kemikali". Onyo hilo limetoka katika moyo safi, lakini halisemi kitu. Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Hakuna kipodozi kisicho na kemikali, kama vile hakuna ugali usio na kemikali. Mfanyabiashara mwerevu ameliona pengo hilo, akaandika juu ya kopo lake "Haina kemikali, ni ya asili", na onyo letu likawa tangazo lake.

Neno asili nalo halina dhamana. Wanja wa kale mara nyingine husagwa kutokana na mawe yenye madini ya risasi, nayo risasi huudhuru ubongo wa mtoto mchanga, ambaye ndiye hupakwa wanja huo kwa mapenzi ya nyanyaye. Zebaki yenyewe hutoka ardhini. Kwa upande wa pili, si kila jina geni ni sumu. Losheni yenye maji huota vijidudu isipotiwa kihifadhi, na parabeni ni vihifadhi vya namna hiyo. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulizikataza parabeni tano na kuzipunguzia kiwango nyingine mbili, kwa wasiwasi kwamba huenda zikaigiza kazi ya homoni, lakini ukaiacha parabeni ya methili itumike hadi asilimia 0.4. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuelezwa kwa neno kemikali. Huelezwa kwa jina la kitu, kazi yake na kipimo chake.

Kuna na neno moja katika maelezo ya vipodozi ambalo halifichui chochote kwa lugha yoyote, nalo ni lile la manukato. Chini ya jina hilo moja huweza kukusanywa makumi ya viambato. Ulaya ililazimisha tangu mwaka 2005 viambato 26 vya manukato vinavyojulikana kuwasha ngozi vitajwe kila kimoja kwa jina, na mwaka 2023 orodha hiyo ikarefushwa. Kwa hiyo ufinyu wa maelezo si ugonjwa wa Kiswahili peke yake. Tofauti ni kwamba wenzetu wameyadai majina, nasi bado hatujayadai.

6. Mapendekezo

Kutokana na haya, natoa mapendekezo manne ili wasomaji wayajadili. Kwanza, jina la kimataifa la kiambato libaki kama lilivyo juu ya kopo, kwa kuwa ndilo linalomwezesha mkaguzi kukilinganisha kitu na orodha ya marufuku. Lakini kando yake litajwe kwa Kiswahili jina linalojulikana au kazi ya kiambato hicho: kihifadhi, kinukishi, kifutarangi. Pili, kila onyo lifuatwe na sababu yake. "Usivae dhahabu" si onyo mpaka liongezwe "kwa sababu krimu hii ina zebaki", na likishaongezwa hivyo, krimu hiyo haitauzwa. Tatu, Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia vipodozi nchini Tanzania, na Baraza la Kiswahili vikae meza moja kabla orodha mpya haijatolewa, wala si baada yake. Nne, mtafsiri asiyeelewa sababu ya sentensi aliyopewa asiitafsiri mpaka ameuliza.

Pendekezo hili la nne limenigharimu aibu, nami nalithamini kuliko yote. Tumezoea kuwafundisha watafsiri kwamba uaminifu wao ni kwa matini. Matini hii ilikuwa na uaminifu wake kwa muuzaji. Kama ningalimuuliza mchimbaji mmoja kabla ya kutia sahihi, maelezo yale yasingalitoka. Neno lilikuwa mdomoni mwa mjomba wangu wakati wote, nami nilikuwa nikilitafuta kosa katika viambishi.